Malindi na Wageni wa Kaskazi

Malindi huhesabu mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili. Na kwa karne nyingi mji wetu umempokea mgeni ajaye na kaskazi na kuondoka kusi inapoanza.

Wa kwanza walikuwa mabaharia. Majahazi kutoka Oman na Ghuba yalishuka na tende, chumvi na samaki wakavu, yakapakia boriti na nafaka, kisha yakangoja upepo ugeuke. Vasco da Gama alipofika hapa Aprili 1498 alipewa rubani, na kusi ikamfikisha Calicut kwa chini ya mwezi mmoja. Historia hiyo tusiipambe. Mji uliofufuliwa na Sultan Majid wa Zanzibar mwaka 1861 ulisimama juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa.

Mgeni wa kukimbia baridi alikuja baadaye. Hoteli za ufukweni zilianza miaka ya 1930, zikiwategemea walowezi wa bara. Mwaka 1934 Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki. Lakini walioubadili mji ni Wataliano, na kilichowaleta kwanza ni roketi. Wanasayansi wa Roma, wakiongozwa na Luigi Broglio, waliweka majukwaa baharini Ngomeni, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi. Aprili 1967 walirusha San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ikapaa kutoka hapo setilaiti ya Marekani, nayo ikapewa jina Uhuru. Wazee wa hapa husema mafundi hao wa Kitaliano ndio waliopeleka sifa za Malindi kwao. Uwanja wa ndege wa Mombasa ulipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, safari ikawa rahisi, na nyumba za Wataliano zikajipanga ufukweni.

Siwalaumu. Mwanzoni mwa Januari jua huzama Milano kabla ya saa kumi na moja jioni. Hapa saa hiyo watu bado wanaogelea.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kuezeka makuti, na kazi yake ilikuwa kabla ya msimu. Wanawake wa Kigiriama walileta makuti yaliyokwisha kushonwa kwenye vijiti. Baba alianzia chini akipanda juu, safu ikilalia safu, akifunga kila kuti kwenye fito. Akibana nafasi, paa hudumu miaka. Mwenye hoteli akitaka nafasi itanuliwe ili makuti yapungue, mvua ya kwanza humwumbua. Malipo yalikuja wageni wakishafika. Novemba 2002 hoteli ililipuliwa Kikambala, wageni wakaghairi, na paa ambalo baba alikuwa amelimaliza halikulipwa msimu ule. Machi 2020, corona ilipoikumba Italia, niliona mambo yale yale: ndege zikasimama, na wapishi, madobi na madereva wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo wageni wa zamani na wa sasa wanapotofautiana. Baharia alihitaji boriti zetu kama sisi tulivyohitaji tende zake. Wengi walioa hapa, wakazaa, wakazikwa hapa. Mgeni wa leo hufuata jua, na jua lipo kwingine pia. Tangazo moja la serikali yake linatosha kumzuia asije.

Mgeni tumpokee kwa heshima, maana amesomesha watoto wengi wa mji huu, nikiwemo mimi. Lakini kaunti yetu ya Kilifi ina maembe, nazi, korosho na samaki, vitu ambavyo havingoji baridi ya Ulaya. Fedha ya kaskazi iwekwe huko: kwenye viwanda, mashua na majokofu ya samaki. Wenye hoteli nao wanunue kwanza kwa mkulima na mvuvi wa hapa. Mji ulioishi kwa biashara karne zote hizo haustahili kutegemea miezi minne ya mwaka.