Kwa nini jiko la mkaa huua ndani ya chumba kilichofungwa

Kitu kinapowaka, huwa kinaungana kwa kasi na oksijeni, gesi ambayo ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa tunayovuta. Kutu kwenye jembe nayo hutokana na chuma kuungana na oksijeni, ila polepole mno, ndiyo maana hatuoni mwali wala kuhisi joto.

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hewa ikitosha, kila atomi ya kaboni hushika atomi mbili za oksijeni, ikawa kaboni dioksidi. Hewa ikipungua, kaboni nyingi hupata atomi moja tu ya oksijeni, na hapo hutokea kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni.

Kwa hiyo, makaa mekundu yasiyotoa moshi bado ni hatari. Usilale na jiko chumbani hata kukiwa na baridi kali. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Pikia nje, au mahali penye hewa ya kupita.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mtoe mgonjwa nje haraka apate hewa safi, kisha mpeleke kituo cha afya. Kumnywesha maziwa hakuondoi sumu hii.