Mpira wa Fainali (ukusanyaji na mnada wake)

Mpira wa fainali, kwa wakusanyaji wa turathi za michezo, ni ule ule uliochezwa katika dakika iliyoamua ushindi, ukahifadhiwa na makovu yake, kisha, aghalabu baada ya miaka mingi, ukanadiwa. Biashara hii imestawi zaidi Marekani katika mchezo wa besiboli, kwa kuwa huko mpira uliorukia jukwaani huwa mali ya mtazamaji aliyeupata.

Thamani na ushahidi

Mtu wa Shangani, Mtwara, aliyekulia penye minada ya korosho, anajua kwamba mali iliyoko ghalani hupimwa uzito na daraja kabla ya mnunuzi kutaja bei. Mpira wa fainali hauna mizani ya namna hiyo, kwani haupiti kwa lolote mwenziwe uliotoka kiwanda kile kile, na bei yake yote imesimama juu ya ushahidi. Kwa ajili hiyo Ligi Kuu ya Besiboli, tangu 2001, ina utaratibu wa kuweka mashahidi viwanjani, ambao huvibandika vifaa vilivyotumika nembo yenye namba.

Mpira wa Buckner

Usiku wa 25 Oktoba 1986, mjini New York, katika mchezo wa sita wa fainali baina ya Mets na Boston Red Sox, mpira dhaifu uliopigwa na Mookie Wilson ulipita baina ya miguu ya Bill Buckner, Mets wakashinda, na baada ya siku mbili wakatwaa ubingwa. Mwamuzi Ed Montague aliuokota akautia alama ndogo ya X, na alama hiyo ndiyo iliyoufanya hazina. Mwigizaji Charlie Sheen aliununua mwaka 1992 kwa dola 93,500. Mwaka 2000 ukauzwa kwa bei pungufu. Mwaka 2012 ukafika dola 418,250. Buckner, mchezaji hodari mwenye mapigo salama 2,715, alilaumiwa kupita kiasi, na ni dhuluma kwamba kosa lake moja limetajirisha wengine.

Tarehe 25 Oktoba mwaka 2024, na katika zamu ya kumi kama usiku ule wa Buckner, Freddie Freeman wa Los Angeles Dodgers aliupiga mpira hadi jukwaani akamaliza mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya New York Yankees; mtoto wa miaka 10 aliupata, na Desemba ukanunuliwa kwa dola milioni 1.56.

Kandanda

Ali Bin Nasser, mwamuzi wa Tunisia, aliuhifadhi mpira ambao Diego Maradona aliufunga kwa mkono 22 Juni 1986. Haikuwa fainali, bali robo fainali ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, Novemba 2022, London, ulinadiwa kwa pauni milioni 2.

Afrika Mashariki

Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, Simba wakacheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, na Yanga ile ya Shirikisho mwaka 2023. Katibu wa klabu yoyote itakayofika huko, hata ikitoka kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, na auombe mpira kwa mwamuzi jioni ile ile, pamoja na hati yenye tarehe, dakika ya bao na saini za mashahidi wawili.