Wanawake wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Nafasi ya wanawake katika Kaskazini Mashariki ya Kenya, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, imebadilika sana tangu uhuru wa 1963. Nyanya aliyehamahama na ngamia, mama aliyehamia bulla (mtaa) ya mjini akauza maziwa, na binti anayesoma chuo kikuu ni vizazi vitatu ambavyo leo hupatikana katika familia moja. Mabadiliko hayo yaliletwa na ukame na vita kabla ya kuletwa na sheria, na yameenda kasi zaidi sokoni na shuleni kuliko katika baraza la wazee.

Eneo na watu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Wengi ni Wasomali, Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wa koo za Ogaden, Degodia, Ajuran, Garre, Murule na nyinginezo. Kandokando ya mto Tana wanaishi Wamunyoyaya, ambao ni wakulima na wavuvi, na upande wa Ijara wako Waboni.

Desturi za ufugaji

Katika maisha ya kuhamahama kazi ziligawanywa waziwazi. Ngamia, visima na mambo ya ukoo vilikuwa vya mwanamume. Nyumba, maziwa, mbuzi, kondoo na watoto vilikuwa mikononi mwa mwanamke. Aqal, nyumba ya kuhama yenye umbo la kuba, ni kazi ya mwanamke toka mwanzo hadi mwisho: yeye hukata na kukunja fito, hufuma mikeka ya kuezekea, huibomoa siku ya kuhama na kuipakia juu ya ngamia, kisha huisimamisha upya katika malisho mapya. Kwa hiyo mwanamke alikuwa na mamlaka ndani ya aqal, lakini chini ya mti, mahali wazee walipokutana kuamua vita, malisho na fidia, hakuwa na kiti.

Tofauti hiyo ilipimwa hata kwa mifugo. Dia, yaani fidia ya damu, ya mwanamume aliyeuawa ilikuwa ngamia 100, na ya mwanamke 50. Kipimo hicho cha nusu kilibaki hata katika Azimio la Modogashe la 2001, ambalo wazee wa koo za kaskazini walilikubali ili kuzima mapigano ya malisho na wizi wa mifugo. Mitala ilikuwa jambo la kawaida, na mjane aliweza kuolewa na ndugu wa marehemu.

Wanawake wana utanzu wao wa ushairi, buraambur, unaoimbwa harusini na katika shughuli nyingine.

Vita vya Shifta na hali ya hatari

Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD), iliyofungwa kwa sheria za vibali na kunyimwa shule. Baada ya uhuru vilifuata vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali na Wasomali waliotaka eneo lijiunge na Somalia, ambapo wafugaji walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa na mifugo mingi ikapotea. Hali ya hatari iliendelea hadi 1991. Katika kipindi hicho yalitokea mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya serikali huko Bulla Kartasi mjini Garissa mnamo Novemba 1980, na mauaji ya Wagalla huko Wajir mnamo Februari 1984, wanaume wa Degodia walipokusanywa na wanajeshi katika uwanja wa ndege na wengi wao kuuawa.

Wajane walijikuta wakuu wa nyumba bila kuandaliwa. Familia iliyopoteza mwanamume na ngamia wake haikuwa na njia ya kurudi malishoni, na wanawake wengi walijenga vibanda pembeni mwa mji wakaanza kuuza kuni, chai na maziwa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia kuwaokoa majeruhi wa Wagalla na kuifikisha habari hiyo nje. Baadaye aliondolewa nchini.

Wanawake wa Wajir na amani

Sura hii ndiyo inayojulikana zaidi katika historia ya wanawake wa eneo hili, na inastahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilipigwa na mambo matatu kwa pamoja: ukame, bunduki zilizofurika mpakani baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mnamo 1991, na chuki za koo zilizotokana na uchaguzi wa 1992. Vita vikaingia hadi soko la mjini. Mwanamke wa ukoo mmoja alikataa kumuuzia wa ukoo mwingine, na wengine walizuiwa hata kupita.

Mnamo 1993 kikundi kidogo cha wanawake, miongoni mwao mwalimu Dekha Ibrahim Abdi (1964–2011), waliamua kuanzia hapohapo sokoni. Waliwakutanisha wachuuzi wa koo zote, wakakubaliana kwamba mwanamke yeyote auze na anunue bila kuulizwa ukoo, na wakaweka kamati ya kufuatilia. Soko lilipotulia walikwenda kwa wazee. Hapo walikuwa na hekima kubwa: hawakudai kiti cha wazee, bali waliwaomba wazee wa koo ndogo, ambao hawakuogopewa na upande wowote, wawaite wenzao wa koo kubwa. Mazungumzo hayo yalizaa Azimio la Al-Fatah la Septemba 1993, lililoweka masharti ya kurudisha mifugo, kulipa dia na kusalimisha silaha.

Mnamo 1995 wanawake, wazee, vijana na watumishi wa serikali waliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mfano huo ulienea hadi wilaya nyingine, na kamati za amani za wilaya zinazotambuliwa na serikali ya Kenya zinatokana nao. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Raia kwa Amani, pamoja na balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande. Mwaka huohuo wa 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani iliyomuua pia mumewe.

Ujasiri wa namna hiyo ulionekana tena Desemba 2015 karibu na El Wak. Wanamgambo waliposimamisha basi la Mandera na kutaka Wakristo watengwe, abiria Waislamu walikataa, na wanawake waliwapa hijabu zao wenzao wasiokuwa Waislamu wajifunike.

Biashara

Maziwa ya ngamia ni biashara ya wanawake karibu kabisa. Chombo husafishwa kisha hufukizwa kwa vijinga vya mti maalumu, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha ya moshi ambayo wanunuzi huitafuta. Wafugaji huyaleta barabarani alfajiri, mama mkusanyaji huonja kila dumu kabla ya kumimina, na madumu hupakiwa kwenye mabasi yaendayo Eastleigh, Nairobi. Huko hupokewa na mwanamke mwingine, mara nyingi wa ukoo uleule, na fedha hurudi kwa simu. Mlolongo mzima huendeshwa kwa uaminifu, bila mkataba wa karatasi. Mjini Garissa wanawake wameshika pia nguo, mboga na miraa katika Soko Mugdi na kwenye vibanda vya mabulla, na mtaji wao hutoka zaidi katika ayuuto, mchezo wa kupokezana fedha, kuliko benki.

Soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa nchini, bado ni la wanaume.

Elimu

Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa Kaskazini Mashariki hawakuwahi kusoma shule, ilhali nchini kote walikuwa chini ya mmoja kwa kumi. Duksi, yaani shule ya Kurani, iliwapokea wasichana tangu zamani, lakini shule ya serikali ilionekana ya wavulana. Elimu ya msingi bila malipo ya 2003 na shule za bweni kama NEP Girls ya Garissa na Wajir Girls zilibadilisha mtazamo wa wazazi wengi.

Pigo kubwa lilitoka kwa al-Shabaab, kundi la wanamgambo wa Somalia. Shambulio la basi la Mandera la Novemba 2014 liliua watu 28, wakiwemo walimu, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 liliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walimu kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka kwa mamia. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na kwa wazazi wasiotaka kumpeleka binti mbali na nyumbani ndicho mlango wa karibu.

Ukeketaji, afya na sheria

Utafiti huohuo wa 2014 ulikuta zaidi ya asilimia 97 ya wanawake wa eneo hili wamekeketwa, dhidi ya asilimia 21 nchini kote. Sheria ya 2011 imeharamisha ukeketaji, lakini familia nyingine huvuka mpaka au kumtafuta mhudumu wa afya kwa siri. Wanazuoni kadhaa wa hapa wamesema wazi kwamba dini hailazimishi jambo hilo, na sauti yao inasikika kuliko ya polisi. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi mnamo 2019 kulimaliza kufikia 2022; halikumalizika.

Kesi za ubakaji mara nyingi humalizwa kwa maslaha: wazee wa pande mbili hukubaliana mifugo au fedha, na msichana haulizwi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 hairuhusu jambo hilo. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kutokana na sensa ya 2009 vilikuwa 3,795 Mandera kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kiwango cha juu kuliko chote nchini.

Siasa

Sophia Abdi Noor wa jimbo la Ijara, Garissa, alitaka kugombea ubunge mnamo 1997, wazee wakamzuia kwa sababu ni mwanamke. Aliendelea na kazi ya jamii kupitia shirika la Womankind Kenya la Garissa, akateuliwa mbunge mnamo 2008, akawa miongoni mwa watetezi wa sheria ya 2011 dhidi ya ukeketaji. Mnamo 2017, miaka 20 baada ya kuzuiwa, aliichukua Ijara kwa kura na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa jimbo katika Kaskazini Mashariki.

Katiba ya 2010 ilileta kiti cha mwakilishi wa wanawake kwa kila kaunti. Garissa imewakilishwa na Shukran Hussein Gure (2013), Anab Mohamed Gure (2017) na Amina Udgoon Siyad (2022). Kiti hicho kimewazoesha wapiga kura kumwona mwanamke jukwaani, lakini pia kimewapa wazee hoja ya kumwambia mwanamke anayetaka ubunge wa jimbo kwamba tayari ana chake. Uteuzi wa wagombea kwa makubaliano ya koo hufanywa na wazee, na katika vikao hivyo wanawake hawaitwi.

Hali ya sasa

Wanawake wa eneo hili leo ni walimu, wauguzi, mawakili, wanahabari na watumishi wa kaunti. Hata hivyo, kufikia uchaguzi wa 2022 hakuna mwanamke aliyewahi kuwa gavana wa Garissa, Wajir wala Mandera, na majimbo yote 18 ya kaunti hizo yalichukuliwa na wanaume, Ijara ikiwemo.