Kuongeza na Kuongezeka: Marais wa Marekani na Hesabu ya Kazi

Tarehe 28 Oktoba 1980, mjini Cleveland, wagombea wawili wa urais wa Marekani walijibizana mbele ya taifa zima. Ronald Reagan, aliyekuwa akikitaka kiti, aliwauliza wananchi kama hali zao zilikuwa njema kuliko zilivyokuwa miaka minne nyuma. Juma moja baadaye Rais Jimmy Carter alishindwa vibaya. Mtu azisomapo hesabu leo, baada ya moto wa kampeni kuzimika, hustaajabu. Katika miaka minne ya Carter nafasi za kazi nchini humo ziliongezeka kwa zaidi ya milioni 10. Katika miaka minane ya Reagan ziliongezeka kwa kiasi cha milioni 16. Ukizigawa kwa miaka, Carter ndiye aliye mbele. Na kwa kuwa Reagan alianza na nchi yenye watu wengi zaidi na kazi nyingi zaidi, tofauti hiyo inazidi kupanuka. Hata hivyo, Carter hukumbukwa na wengi kuwa rais aliyeuzoretesha uchumi, na Reagan kuwa rais aliyeleta kazi.

Ni nani basi anayestahili sifa? Swali hili ni la wanauchumi, lakini sisi tunaofundisha Kiswahili tunacho chombo cha kulipimia. Lugha yetu hutofautisha waziwazi kati ya kuongeza na kuongezeka. Tukisema "Rais aliongeza kazi", tumemtaja mtenda. Tukisema "kazi ziliongezeka wakati wa Rais fulani", hatukumtaja mtenda yeyote. Tumetaja jambo lililotokea, na tumetaja majira yake, basi. Wala sarufi haituruhusu kumchomeka mtenda pasipo nafasi yake: "kazi ziliongezwa na Rais" ni sentensi sahihi, bali "kazi ziliongezeka na Rais" itakataliwa hata na mtoto wa darasa la tano. Wanasiasa huuvuka mpaka huu kila wapendapo. Kazi zikizidi, husema "tumeongeza". Zikipungua, ghafla husema "zimepungua", kana kwamba ni maji ya bahari.

Mfano ulio karibu nasi utatusaidia kabla hatujarejea Marekani. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika miaka ya 1976 na 1977. Wakulima wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi walikuwa na bidhaa ambayo dunia nzima iliililia. Hakuna serikali ya upande wetu iliyoiamuru baridi ile. Lakini lilikuwapo jambo moja lililokuwa mikononi mwa serikali, nalo ni kiasi cha bei hiyo atakachopewa mkulima. Nchini Kenya sehemu kubwa ilimfikia. Katika Uganda ya Idi Amin malipo ya mkulima yalikuwa duni, na kahawa ikavushwa mpaka kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya. Baridi ya Brazil ilikuwa tukio; malipo ya mkulima yalikuwa uamuzi. Mwenye kutaka kumsifu au kumlaumu kiongozi hana budi kuvitenga kwanza vitu hivi viwili.

Tuanze na Herbert Hoover. Huyu alishika urais mwezi Machi 1929, na mwezi Oktoba mwaka huo huo soko la hisa la New York likaanguka. Ulipofika mwaka 1933, kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta kazi alikuwa hana kazi. Vijiji vya mabanda vilivyojengwa na mafukara kandokando ya miji viliitwa kwa jina lake, kwa kejeli. Je, Hoover ndiye aliyelileta balaa lile? Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuiva kabla hajaingia. Maelfu ya benki yalifunga milango, na benki kuu ya nchi, ambayo haikuwa chini ya amri yake, ikatazama tu. Lakini mwezi Juni 1930 aliweka saini sheria ya kupandisha ushuru wa bidhaa za kigeni, ingawa wanauchumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemwandikia kumsihi asiiridhie. Nchi nyingine zikalipiza kisasi, na biashara ya dunia ikazidi kudidimia. Saini ile ilikuwa yake mwenyewe, na lawama yake ni yake.

Franklin Roosevelt aliyemfuata ndiye rais ambaye kwake kitenzi "kuongeza" kina haki zaidi ya kutumika. Kikosi cha vijana cha kuhifadhi misitu na ardhi, kilichoitwa CCC, kilianzishwa mwaka 1933 na hadi 1942 kilikuwa kimewapitisha vijana wapatao milioni 3. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilipelekwa nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1935 ikaja WPA, idara iliyowaajiri watu wapatao milioni 8 na nusu kabla ya kuvunjwa mwaka 1943. Ilijenga barabara, madaraja, shule na viwanja vya ndege, na hata waandishi na wachoraji waliandikishwa humo. Mwezi Novemba 1938 peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 katika orodha ya mishahara. Hapa hatuhitaji kubahatisha. Rais alipendekeza, Bunge likatoa fedha, mtu akapewa sepetu na mshahara.

Hata hivyo kuna kisa hapa ambacho walimu wa lugha watakipenda. Kwa muda mrefu watakwimu waliwaandika watu wa WPA na CCC kuwa "wasio na kazi", kwa hoja kwamba kazi zao zilikuwa za dharura. Kwa hesabu hiyo, mwaka 1937 watu wapatao 14 katika kila 100 walikuwa hawana kazi. Mwaka 1976 mwanauchumi Michael Darby aliuliza: mtu anayeamka alfajiri, akachimba mtaro mchana kutwa na kupokea mshahara, kwa nini aitwe asiye na kazi? Alipowahesabu kuwa wafanyakazi, idadi ya mwaka ule ilishuka hadi 9 hivi katika kila 100. Mitaro ile ile, watu wale wale. Kilichobadilika ni maana ya neno. Nami naona Darby alikuwa na haki katika suala hili, maana mke wa mchimba mtaro hakununua unga kwa fedha za dharura, alinunua kwa fedha.

Lakini anayepokea sifa za Roosevelt apokee na mwaka 1938. Uchumi ulipoanza kupata nafuu, serikali yake ilipunguza matumizi na kodi mpya ya akiba ya uzeeni ikaanza kukatwa mwaka 1937. Wakati huo huo benki kuu iliziamuru benki ziweke akiba maradufu. Watu wasio na kazi wakaongezeka tena, kwa hesabu ya zamani na kwa hesabu ya Darby vilevile. Kilichoumaliza ukosefu wa kazi kabisa ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 waliokosa kazi walikuwa kiasi cha mmoja tu katika kila 100, wakati mamilioni ya vijana wamevaa sare na viwanda vya mizinga havilali.

Vita vilipokwisha, wengi waliogopa kwamba njaa ya miaka ya thelathini ingerudi pamoja na askari. Hapo ndipo urais wa Marekani ulipotwishwa mzigo ulio nao mpaka leo. Mswada wa kwanza, wa mwaka 1945, ulitamka kwamba kila Mmarekani awezaye na atakaye kufanya kazi ana haki ya kuipata. Wabunge walibishana mno. Sheria iliyotiwa saini na Rais Harry Truman mwezi Februari 1946 haikuwa na neno "haki" kwa maana hiyo. Badala ya kazi kwa wote, ilisema kazi "kwa kadiri ya juu kabisa". Ilimpa Rais baraza la washauri wa uchumi na ikamtaka apeleke taarifa Bungeni kila mwaka. Fedha za kutimizia ahadi zilibaki kwa Bunge, na riba ikabaki kwa benki kuu. Alipewa deni bila kupewa mkoba.

Ni riba hiyo inayotufikisha tena kwa Carter. Wajumbe wa halmashauri ya benki kuu ya Marekani huteuliwa na Rais kwa kibali cha Seneti, lakini muda wao ni miaka 14, na Rais hawezi kuwaamuru. Wengine wamejaribu kuwasukuma: Richard Nixon, aliyeamini kwamba benki kuu ndiyo iliyomnyima urais mwaka 1960, alimbana sana mkuu wake, Arthur Burns, ili fedha ziwe tele kabla ya uchaguzi wa 1972. Carter alifanya kinyume. Mwezi Agosti 1979, bei zikiwa zinapaa, alimteua Paul Volcker, mtu aliyejulikana kwamba hatausamehe mfumuko wa bei. Volcker alikaza. Mwaka 1981 riba ilifika asilimia 20 hivi. Wajenzi wa nyumba, ambao hawakupata tena wateja wa kukopa, walimpelekea vipande vya mbao kwa posta. Wakulima waliyazungusha matrekta yao mbele ya jengo la benki hiyo mjini Washington. Mwishoni mwa mwaka 1982 waliokosa kazi walikaribia 11 katika kila 100, idadi ambayo haikuwa imeonekana tangu kabla ya vita. Wala moto ule haukuishia kwao. Mexico ilitangaza mwezi Agosti 1982 kwamba haiwezi kulipa madeni yake, na katika Afrika nchi kama Zambia ziliona deni likipanda huku bei ya shaba ikishuka.

Kisha bei zikatulia, riba ikateremshwa kuanzia kiangazi cha 1982, na kazi zikafurika. Reagan alichaguliwa tena mwaka 1984, akishinda katika majimbo 49 kati ya 50. Simnyimi fungu lake. Alipunguza kodi mwaka 1981, na muhimu zaidi kwa maoni yangu, hakumtupa Volcker wakati wabunge wa chama chake mwenyewe walipokuwa wakinung'unika. Alimteua tena mwaka 1983. Lakini aliyeuanza uamuzi ule mchungu ni Carter, na ndiye aliyeulipia. Kazi milioni 10 za enzi yake nazo si zote za kumpa yeye: vijana waliozaliwa kwa wingi baada ya vita walikuwa wamekua, na wanawake wengi walikuwa wakiingia kazini, hata ikawa kazi zinaongezeka na wanaozitafuta nao wanaongezeka.

Waliokuja baadaye tuwapitie upesi, kwa kuwa hadithi ni ile ile. George Bush mkubwa alishindwa mwaka 1992 wakati uchumi ulikuwa umekwisha kuanza kuinuka tangu Machi 1991. Bill Clinton akavuna: kazi zaidi ya milioni 22 katika miaka minane, ya kompyuta na intaneti. George Bush mdogo aliapishwa Januari 2001 na uchumi ukaanza kuanguka Machi, kabla hajaizoea ofisi. Mwezi Machi na Aprili 2020, wakati wa Donald Trump, kazi karibu milioni 22 zilipotea kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanauchumi Alan Blinder na Mark Watson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliona kwamba tangu Truman uchumi ulikua haraka zaidi chini ya marais wa chama cha Democratic. Blinder mwenyewe ni mtu aliye karibu na chama hicho, kwani alikuwa mshauri wa Clinton. Walipotafuta sababu, hawakuikuta katika bajeti wala katika riba. Walikuta bei ya mafuta, maendeleo ya ufundi wa uzalishaji, na hali njema ya nchi za nje.

Hesabu yenyewe hutolewa kila mwezi na Idara ya Takwimu za Kazi, iliyoanzishwa mwaka 1884. Tarehe 1 Agosti 2025 idara hiyo ilitangaza kwamba kazi zilizoongezeka mwezi Julai zilikuwa 73,000 tu, na ikapunguza hesabu za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000. Siku hiyo hiyo Rais Trump, katika urais wake wa pili, alimfukuza mkuu wa idara, akidai bila kuonyesha ushahidi kwamba hesabu zilikuwa zimechezewa. Masahihisho ya namna hiyo hufanywa kila mwezi, wakati mwingine juu na wakati mwingine chini, kwa kuwa waajiri wengine huchelewa kuleta majibu yao.