Gugu lililoingia kwenye mkate

Mtaa ninaoishi huku una Waafghani wengi, na mkate wao ndio kifungua kinywa changu. Basi nikaanza kusoma habari za kwao, nikakutana na kisa ambacho naona kinamhusu kila anayekula nafaka.

Mwaka 1974, baada ya ukame wa miaka miwili, watu wa wilaya ya Gulran, mkoa wa Herat, Afghanistan, walianza kuvimba matumbo. Mwili unakonda, tumbo linajaa maji, na wengi wakafariki. Madaktari walipopima watu 7,200 katika vijiji vile, asilimia 22.6 walikutwa na ugonjwa wa ini. Yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano!

Chanzo kilikuwa mkate. Magugu ya jamii ya Heliotropium yaliota kwenye ngano, mbegu zake zikavunwa, zikasagwa na kuokwa pamoja nayo. Zina alkaloidi zinazoziba vishipa vidogo vya damu kwenye ini, na moto wa tanuri hauziondoi. Tena ni sumu ya polepole. Mtu anakula leo, anaugua baada ya wiki au miezi. Nani atashuku mkate?

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1920 madaktari wa Afrika Kusini walikwisha kuandika habari za watu maskini walioharibika ini kwa mkate wenye gugu jingine, Senecio. Ng'ombe wa nchi hiyo nao walikuwa wakifa kwa magugu ya jamii hiyo hiyo malishoni. Elimu ilikuwapo kwenye majarida, lakini mkulima wa Gulran hakufikiwa nayo. Na hata baada ya kujulikana, ugonjwa ulirudi kule kule mwaka 2008. Mwenye njaa hana miiko, na gunia la ngano chafu ni chakula pale ambapo hakuna jingine.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada uliingiwa na mbegu za mnanaha. Alkaloidi zake ni za aina nyingine, huvuruga akili ndani ya saa chache. Watu 5 walifariki na karibu 300 waliugua. Kwa kuwa sumu ile ilijionyesha mapema, ugawaji ulisimamishwa haraka. Gulran hawakupata bahati hiyo.

Kwa hiyo mama zangu na shangazi zangu, msiwacheke wanaokaa na ungo kuchambua mbegu moja moja. Nafaka ikishasagwa, hakuna jicho litakaloiona mbegu ya gugu. Kazi ni palizi shambani, na ungo kabla ya kwenda mashineni. Wasalimieni wote.