Juu ya Istilahi "Nishati Tuli"

Mwaka 1853 mhandisi wa Uskoti, W. J. M. Rankine, aliigawa nishati mafungu mawili: ile itendayo kazi na ile iliyowekwa akiba. Mwaka 1862 William Thomson na P. G. Tait wakaiita ile ya kwanza kwa neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake mwendo. Kiswahili, kwa kutumia neno "nishati" lenye asili ya Kiarabu, kimepata "nishati mwendo" na "nishati tuli".

Istilahi ya kwanza haina matata. Ya pili yaweza kumpoteza mwanafunzi, kwani jiwe lililolala chini nalo limetulia. Dawa yake ni mfano ulioundwa kwa mikono. Mwanafunzi wa Ihumwa, Dodoma, na aunde kigari cha waya, akiachie juu ya ubao ulioinamishwa, kisha auinue ubao zaidi na kurudia. Kabla ya kuachiwa, kigari kilikuwa kimetulia mara zote mbili. Lakini mara ya pili kilikwenda kasi zaidi. Kilichobadilika ni kimo, si utulivu. Ndivyo pia treni ya umeme ipitayo Ihumwa, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024: kadiri ipandavyo kutoka pwani, ndivyo akiba hiyo iongezekavyo.

Basi yafaa walimu na wafasiri, kila watumiapo "nishati tuli", wataje na mahali kitu kilipo. Istilahi hufupisha maelezo; haiyafuti.