Shimonoseki: mama aliyempikia Waziri Mkuu samaki aliyekatazwa

Bado ni giza, mapambazuko hayajafika. Katika soko la Haedomari, mjini Shimonoseki nchini Japani, wanunuzi wamekusanyika mbele ya samaki walio hai. Mwenye kuendesha mnada amevaa mfuko wa kitambaa mkononi, mfano wa mkono wa koti uliokatwa. Mnunuzi mmoja mmoja anaingiza mkono wake ndani ya mfuko ule na kushika vidole vyake. Vidole ndivyo vinavyotaja bei. Wengine wanaangalia tu kitambaa kinavyotikisika, hakuna anayejua mwenzake ametoa ngapi.

Samaki anayeuzwa namna hiyo anaitwa fugu. Kiswahili cha pwani kinamuita bunju: ni yule samaki ambaye akiogopeshwa anajaza tumbo maji na kuvimba kama mpira. Wajapani wanamlipia pesa nyingi sana. Lakini ni samaki anayeua.

Sumu yake iko zaidi katika ini na mayai. Mwaka wa 1909, mtaalamu wa Kijapani Tahara Yoshizumi aliipa jina la tetrodotoksini. Moto wa jikoni hauiharibu. Aliyeila anaanza kusikia ganzi midomoni, kisha mikono na miguu inakataa, mwishoni pumzi inakwisha, na mara nyingi akili yake ingali inasikia yote. Hadi leo hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Waganga wanaweza tu kumsaidia mgonjwa apumue hadi sumu ipungue yenyewe.

Ndugu zetu wa mto Congo na wa ziwa Tanganyika wasifikiri kwamba hiyo ni habari ya mbali tu. Jamaa moja ya samaki huyu inaishi katika maji yetu. Wataalamu wanaiita Tetraodon mbu. Basi ukikuta katika wavu samaki anayevimba tumbo, usimpeleke jikoni.

Turudi Shimonoseki. Mji huu uko kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa cha Honshu. Mbele yake kuna mlango wa bahari wa Kanmon, mwembamba kiasi kwamba ng'ambo, upande wa kisiwa cha Kyushu, unaona majumba kwa macho. Maji yanakimbia kwa nguvu pale. Ni hapo, mwaka wa 1185, katika vita vya Dan-no-ura, ukoo wa Taira ulishindwa na ukoo wa Minamoto, na mfalme Antoku, mtoto mdogo, akazama baharini pamoja na bibi yake. Ni hapo pia, mwaka wa 1864, meli za Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Marekani zilipiga mizinga, kwa sababu watawala wa eneo hilo, lililoitwa Choshu, walikuwa wamezirushia risasi meli za wageni. Mji wa wavuvi, lakini mji uliozoea mambo makubwa.

Wajapani walikula fugu tangu zamani sana. Mifupa yake imekutwa katika majalala ya watu wa kale. Marufuku ilikuja mwisho wa karne ya 16. Inasimuliwa kwamba mtawala Toyotomi Hideyoshi alikusanya askari huko Kyushu mwaka wa 1592 ili awavushe kwenda kupigana Korea. Wengi walikula fugu bila kujua kumsafisha, wakafa kabla hata ya kuona adui. Hideyoshi akakataza samaki huyo. Baadaye watawala wa Choshu walikaza zaidi: samurai aliyekufa kwa fugu, jamaa yake iliweza kupoteza cheo na mali. Kwao, maisha ya samurai yalikuwa ya bwana wake, hakuwa na haki ya kuyapoteza mezani.

Je, raia waliacha? Hapana. Walikula kwa siri, na waliendelea kufa kwa siri. Marufuku haikumfundisha mtu ni sehemu gani ya samaki inaua na ipi haiui. Mvuvi aliyejua alimfundisha mtoto wake, asiyejua alibahatisha. Hiyo ilidumu karibu miaka 300.

Hapa ndipo anaingia mama mmoja, Fujino Michi. Alikuwa mjane wa daktari, na mahali palipokuwa pa mume wake pa kutibia alifungua nyumba ya wageni, Shunpanro, juu ya kilima kinachotazama bahari. Kulingana na historia inayosimuliwa mjini, mwisho wa mwaka wa 1887 alipokea mgeni mkubwa: Ito Hirobumi, Waziri Mkuu wa kwanza wa Japani, mzaliwa wa Choshu hiyo hiyo. Siku hiyo bahari ilichafuka, wavuvi hawakuleta samaki anayefaa kwa mkubwa kama yule. Jikoni kulikuwa fugu tu.

Mama Michi alikuwa na njia mbili. Amwambie Waziri Mkuu kwamba hakuna chakula, au amuwekee mezani kitu kilichokatazwa na sheria na ajiandae kuadhibiwa. Akaweka fugu. Ito akala, akasifu sana. Inasemekana kwamba yeye mwenyewe aliijua ladha hiyo tangu ujana wake. Mwaka wa 1888 marufuku iliondolewa katika jimbo la Yamaguchi, na Shunpanro ikawa nyumba ya kwanza kupewa ruhusa ya kupika fugu.

Wengi wanasimulia kisa hiki kwa kucheka. Mimi kinanifikirisha. Kwa miaka 300, vifo vya wavuvi na wake zao havikuleta mabadiliko. Mlo mmoja wa mkubwa ulitosha kubadili sheria. Na aliyebeba hatari hakuwa mkubwa, alikuwa mama wa jikoni.

Tukumbushe kwamba nyumba hiyo hiyo iliingia tena katika historia. Mwaka wa 1895, baada ya vita kati ya Japani na China, Ito alichagua Shunpanro iwe mahali pa mazungumzo ya amani. Mjumbe wa China, mzee Li Hongzhang, alipigwa risasi usoni na kijana Mjapani alipokuwa akirudi kutoka mazungumzoni, lakini hakufa. Tarehe 17 mwezi wa nne, mkataba ulitiwa sahihi. China ilipoteza kisiwa cha Taiwan na ikatakiwa kulipa fidia kubwa. Nyumba ya zamani iliungua katika mabomu ya mwaka wa 1945, ikajengwa tena. Viti na meza za mazungumzo vinaonyeshwa hadi leo katika jumba la kumbukumbu lililo kando yake.

Lakini kuondoa marufuku hakukumaliza vifo. Ilihitajika kazi nyingine, ya polepole: kufundisha. Baada ya vita vya pili vya dunia, Osaka na kisha Tokyo ziliweka sheria kwamba anayepika fugu lazima awe na ruhusa, na miji mingine ikafuata. Mpishi anajifunza, anafanya mtihani, anatenganisha sehemu zenye sumu na kuziweka pembeni ili zisichanganyike na takataka za kawaida. Hata hivyo, mwaka wa 1975, mwigizaji mashuhuri wa kabuki, Bando Mitsugoro wa 8, alikula ini la fugu huko Kyoto na akafariki. Mwaka wa 1983, serikali ya Japani ilitoa orodha ya aina na sehemu zinazoruhusiwa kuliwa. Ini halimo.

Leo, chini ya kilima cha Shunpanro, kando ya maji, kuna soko la Karato. Mwisho wa juma wauzaji wanapanga sushi na supu mezani, wageni wananunua na kwenda kula nje wakitazama meli zinapita. Fugu yupo, amekatwa vipande vyembamba hivi kwamba unaona rangi ya sahani chini yake. Wakaaji hawamuiti fugu, wanamuita fuku, kwa sababu neno hilo linafanana na lile la baraka.

Jambo la kushangaza: fugu wengi wanaouzwa Shimonoseki hawakuvuliwa hapo. Wanaletwa kutoka bandari nyingine, na wengine wanatoka katika mabwawa ya ufugaji. Wanaletwa kwa nini? Kwa sababu mikono inayojua kuwasafisha iko hapo. Bahari ilianzisha mji huu, lakini kinachoulisha sasa ni ujuzi.

Anayekula katika Karato hana njia ya kuona sumu kwa macho. Anamwamini mtu asiyemjua aliyeshika kisu usiku. Imani hiyo haikuletwa na amri ya Hideyoshi. Ililetwa na watu waliokubali kufundishwa, kupimwa na kuwajibika, na mmoja wa mwanzo wao alikuwa mjane aliyekosa samaki mwingine siku ya dhoruba.